Mwaka wa Ndege ya Mawese

Juzi tumemzika Mama Pascal kule Mubi, na tangu nirudi hapa Nyabiondo sijaweza kupalilia hata mstari mmoja wa maharage. Nakaa, nainuka, nakaa tena. Watoto wangu wanafikiri ni uchovu wa njia, maana kutoka kwetu milimani mpaka kule msituni ni pikipiki, ni miguu, ni pikipiki tena, na mimi si msichana. Si uchovu. Ni kwamba pale kwenye matanga, wanawake tulipokuwa tumekaa nyuma ya nyumba tukimenya ndizi, niliegemea kitu cha baridi. Nikageuka, nikakuta ni kile kitovu cha gurudumu la lori, bado kimejengewa kwenye simenti, kimejaa kutu na majani. Nikaruka kama mtu aliyekalia siafu. Mwanamke mmoja ambaye simjui akaniambia, "Mama, iko nini? Ni chuma tu." Nikamjibu, ndiyo, ni chuma tu. Nikabeba ndizi zangu nikaenda kumenyea upande mwingine, na ndizi ya kwanza tu nikajikata kidole.

Mimi huandika kila siku mambo madogo: mvua imenyesha, fulani amepita, mbuzi amezaa. Mwaka ule wa Mubi sijawahi kuuandika. Sekondari niliisoma kwa vipande vipande mpaka mwaka wa tano, na wa sita sikuuona, kwa hiyo waliosoma zaidi watanivumilia nikikosea mahali. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika. Habari za kwetu na sababu za kuondoka kwetu naziacha. Kila mtu wa Masisi wa umri wangu ana zake na zinafanana. Inatosha kusema shule yetu ilifungwa, na Mama Pascal, ambaye alikuwa akija kununua maharage milimani, alituambia: "Munipe huyu musichana. Kwetu Mubi shule iko inafundisha. Atalala kwangu, atanisaidia kazi ya mawese." Nikapanda lori juu ya magunia ya maharage ya kwetu, na mwaka ukaanza.

Nyumba yake ilikuwa ya mbao. Chumba changu na chake vilitenganishwa na shitingi tu, ile turubai ya bluu, iliyopigiliwa misumari juu na kuachwa ikining'inia chini, hivi kwamba kila asubuhi niliiona miguu yake kabla sijamwona mwenyewe. Kila kitu kilinuka mawese: blanketi, sabuni, daftari, hata mkate. Tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo ya kutwangwa, iliyotiwa mafuta mpaka ikawa nyekundu, na Jumapili lituma, zile ndizi za kupondwa, moto kabisa, tukigawana katika sahani moja kubwa. Nami nililia maharage yenye chumvi tupu. Mama Pascal alinicheka mbele ya wageni: "Bantu ya mulimani! Mukifika mbinguni, mutamuuliza malaika maharagi iko wapi." Alikuwa mjane, mnene kidogo, mwenye sauti iliyofika barabarani bila yeye kupaza. Akimwita mtu, hata waendesha pikipiki waligeuka. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Pascal, wa umri wangu na wa darasa langu, mwembamba, mwenye mdomo mkali, na ambaye, lazima niseme ukweli, alininakilia zoezi lolote nililomwomba bila kunisumbua.

Nyuma ya nyumba ndiko kulikuwa na mashine ya kuponda chikichi, tuliyoiita malaxeur. Lilikuwa pipa kubwa lililokatwa juu, na ndani yake nguzo ya chuma yenye mapanga. Nguzo ilisimama juu ya kile kitovu cha gurudumu la lori, na juu ya pipa miti miwili mirefu ilifungwa kwenye nguzo ikipitana kama msalaba. Wanne tulishika ncha nne, tukasukuma tukizunguka, mapanga yakaponda chikichi zilizochemshwa. Pipa likiwa limejaa, wanne tulitoka jasho. Likiwa tupu, kwa vile kile chuma cha lori kilikuwa kimelowa mafuta miaka yote, mtu angeizungusha miti kwa mkono mmoja huku anakula muhogo. Na kila Jumamosi, kazi ikiisha, desturi ilikuwa kuizungusha mashine tupu kwa nguvu ili makapi yaliyoganda kwenye mapanga yaruke kabla ya kuosha na maji ya moto. Kazi hiyo ilihitaji msukumaji mmoja. Wengine wanne walipanda, mmoja kwenye kila ncha, tumbo juu ya mti, miguu hewani. Hiyo tuliita ndege. Siku zile ndege za kubeba madini zilikuwa zinatua barabarani kule msituni, zinapita chini sana juu ya mabati yetu, kuku wanakimbia chini ya vitanda, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda ndege ya kweli.

Msukumaji alikuwa Bahati. Alikuwa ametoka kuchimba dhahabu Omate, ambako shimo lilimfunika rafiki yake, na alikuwa ameapa kwamba hatashuka tena chini ya udongo. Mama Pascal alimpa kazi ya kubeba chikichi. Mrefu, mwenye kucheka, mwenye maneno. Akishika mti aliita kama wapakiaji wa ndege: "Abiria mukae vizuri! Muzigo ikipotea, kampuni haijue!"

"Pilote iko wapi?" Pascal aliuliza.

"Pilote amekunywa. Leo mutaendeshwa na muchimbaji."

"Aaa, weye muntu ya shimo, hata jua unaiogopa."

"Pascal, siku moja nitakutupa mpaka Kisangani."

Tulicheka wote. Maneno hayo aliyasema mbele ya nusu ya mtaa, zaidi ya mara moja, na kila mara tulicheka.

Jumamosi ile tulipanda mimi, Pascal, na watoto wa jirani wawili, Solange na kaka yake Héri. Bahati alikimbia na mti, akauachia, akasimama pembeni akipumua, nasi tukazunguka. Haikuwa mbio ya kutisha. Niliweza kuona nyuso: Solange amefumba macho, Pascal anaimba. Ndipo Mama Pascal alipotoka jikoni na sufuria ya maji ya moto, akaona miguu yetu inapita karibu na mafiga, yale mawe matatu makubwa ya kuchemshia chikichi. Akapaza sauti: "Muingie katikati! Mushike nguzo! Muingie!" Na alikuwa na akili kusema hivyo. Kila aliyepanda anajua kwamba ncha ndiyo inayokimbia, na katikati pametulia. Mama yeyote angesema hivyo. Sisi watatu tukatii mara moja, tukajivuta kwa matumbo juu ya ile miti ya mafuta, tukaikumbatia nguzo, vichwa vyetu vikagongana.

Na mashine ikaruka. Sina neno lingine. Ilikuwa kama mkono mkubwa umetushika nyuma na kututupa mbele. Ukuta, moshi, migomba, ukuta, moshi, vyote vikawa mstari mmoja. Sikumwona Pascal akianguka. Nilisikia kitu kama gunia la muhogo linaposhushwa kwenye lori, na mti wake ulipopita tena mbele ya macho yangu ulikuwa mtupu. Alikuwa chini, kwenye mafiga, na Mama Pascal alikuwa bado ameshika sufuria, maji yanamwagika miguuni mwake na yeye hasikii. Bahati alikuwa amesimama karibu na miti, mikono yote miwili mbele, anajaribu kuizuia. Lakini mikono ya anayesukuma na mikono ya anayezuia inafanana. Jirani aliyechungulia juu ya ua aliona mikono ile, akapiga kelele: "Amemusukuma! Bahati amemusukuma mutoto ya wenyewe!" Walipotuuliza sisi, Héri alijibu wa kwanza kwamba ndiyo, tulihisi tumesukumwa. Solange alisema hivyo. Nami nilisema hivyo, kwa sababu ndivyo mwili wangu ulivyosema, na sikuwa na sababu ya kuukatalia mwili wangu.

Pascal alibebwa mpaka kituo cha afya, nyonga imevunjika, macho hayafunguki. Bahati alifungiwa katika stoo ya mapipa, ile isiyo na dirisha, na alilia kwa sababu ya lile giza, mtu mzima, mpaka akanyamaza. Kesho yake akafika Papa Gaspard, kaka ya Mama Pascal, mfanyabiashara wa Walikale. Nisimwonee. Alikuwa anampenda yule mpwa wake, alikuja na pikipiki kwenye mvua bila kupumzika, na usiku wa kwanza alilala sakafuni kituoni. Lakini alikuja na uamuzi tayari. Kwenye kizuizi cha barabara kulikuwa na watu wenye silaha, na watu hao walikuwa na shimo lao la kufungia. Walioshushwa mle, wengine walirudi. Wengine hatukuwasikia tena.

Nilikuwa nimekaa kitandani na sahani ya sombe magotini nilipowasikia upande wa pili wa shitingi.

"Dada, tungoje nini tena? Batoto bote banasema alisukuma."

"Amenibebea chikichi mwaka muzima. Ata yai moja hajaiba."

"Muntu anaweza kukosa kuiba na akaua. Si alisema atamutupa mpaka Kisangani? Alisema ao hakusema?"

"Alisema."

"Basi."

"Gaspard, angojee kwanza mutoto afungue macho."

"Na asipofungua?"

Niliona miguu ya Mama Pascal chini ya shitingi, imefungwa vitambaa pale maji yalipomchoma. Haikusogea. Mwishowe alisema, polepole sana kwa mtu mwenye sauti ile: "Fanya vile unaona." Papa Gaspard akasema Jumapili baada ya misa familia itakaa, watu wasikie, kisha wale wa kizuizi watakuja kumchukua. Sombe yangu ilikuwa imeganda mafuta juu. Nilifikiri, na sijivunii wala sijilaumu, kwamba labda ndiyo haki.

Katikati ya wiki ile nilikwenda shule kwa sababu sikujua pa kwenda kwingine. Mwalimu wa fizikia tulimwita Prof Mupenda, mfupi, koti moja, na mvua ikipiga mabati alikaa tu akangoja, maana hakupenda kushindana nayo. Siku ile mvua haikunyesha. Alitoa mfukoni bomba la kalamu lililoondolewa wino, akapitisha ndani yake uzi wa gunia, na juu ya uzi akafunga nati ya pikipiki. Akashika bomba kwa mkono wa kulia, akazungusha nati juu ya kichwa, polepole, duara kubwa. Kisha kwa mkono wa kushoto akauvuta uzi chini. Duara likawa dogo, na nati ikaanza kulia hewani kama nyuki.

"Nani amesukuma?"

"Weye, Prof!" tulijibu wote.

"Hapana. Muangalie vizuri. Mkono wa bomba umesimama. Huu mwingine umevuta, na umevuta kuelekea katikati. Kuvuta kuelekea katikati hakuzungushi kitu. Sasa hiyo mbio imetoka wapi?"

Alitwambia kwamba kitu kinachozunguka kina mzigo wake wa mzunguko, unaoitwa moment cinétique, na mzigo huo haupotei wala hauongezeki mtu wa nje asipougusa. Unauhesabu hivi: uzito, mara umbali kutoka katikati, mara umbali ule tena, mara mwendo wa kuzunguka. Umbali ukipungua, kitu kingine lazima kipande ili jibu libaki lile lile, na kinachopanda ni mwendo. Akaandika ubaoni swali la watoto wanaocheza juu ya meza inayozunguka, wanaohama kutoka ukingoni kuja katikati. Nilianza kunakili. Nilipofika kwenye neno katikati, kalamu ilisimama, na nikahisi tena kifua changu kimebanwa kwenye nguzo, mafuta kwenye shavu, kichwa cha Solange kinagonga changu. Nilipata baridi darasani kwenye jua la saa tano. Sikusukumwa. Hakuna aliyetusukuma. Mbio ile tuliitoa sisi wenyewe kwa matumbo yetu.

Baada ya masomo nilimfuata Prof kwenye chumba chake nyuma ya duka la dawa. Alikuwa anakula karanga kwenye kipande cha gazeti, akanisogezea nusu. Nilimweleza. Akageuza karatasi ya mfuko wa simenti, akanipa kalamu, akasema, "Fanya weye." Nilifanya kama watu wote tuna uzito mmoja, jambo ambalo si kweli, maana Héri alikuwa mdogo, lakini Prof alisema litoshe kwa kuanzia. Mti kutoka nguzo mpaka ncha, mtu alipolala, ilikuwa kama mita mbili. Mbili mara mbili ni nne, na sisi tulikuwa wanne: kumi na sita. Tulipoingia watatu tulikuwa nusu mita kutoka katikati. Nusu mara nusu ni robo, kwa watatu ni robo tatu. Pascal peke yake alibaki na nne zake. Kumi na sita imekuwa nne na robo tatu. Mwendo umepanda zaidi ya mara tatu.

"Umesahau kitu," Prof alisema, na moyo wangu ukafurahi, nikafikiri labda nimekosea yote. "Umesahau miti. Ile miti ina uzito wake, na yenyewe haikuingia katikati." Akaiongeza pande zote mbili. Ikashuka, ikawa kama mara mbili na nusu. Nikamwambia, "Prof, na chuma kinakwaruza kidogo." Akapunguza tena. "Na Héri ni mutoto." Akapunguza. "Neema, punguza vile unataka, haitafika moja." Kisha akafanya hesabu moja zaidi, ambayo sikumwomba. Nguvu anayohitaji mtu wa ncha ili asitupwe hupanda kwa mwendo mara mwendo. Akairudia ile mbili na nusu ya kwanza: mbili na nusu mara mbili na nusu. Aliandika sita, akaiangalia ile sita, akaweka kalamu chini. Mara sita, kwenye mti wenye mafuta, kwa vidole vya mtoto wa shule. Hakuna ambaye angeshikilia.

Ndipo akaniuliza: "Na ninyi watatu, nani aliwaambia muingie?"

Niliangalia karanga. Nilizihesabu, nadhani, ingawa sikumbuki zilikuwa ngapi. Nikasema, "Mama mwenyewe." Prof Mupenda aliinuka akafunga mlango, mchana kweupe, kana kwamba kuna mtu nje aliyesikia. Akasema hesabu haimtaji mwenye kosa, inasema tu hakuna aliyesukuma, na hiyo tu ndiyo tutakayoisema. Nikamwambia, watauliza. Akakubali, watauliza. Nikasema, "Nikijibu, Mama atakufa."

"Usipojibu, Bahati atakufa. Na hesabu ya hiyo, miye sikufundishwa."

Jioni ile nilijaribu kumwambia Mama Pascal peke yake. Nilimkuta anafua shati la Pascal, lile lile, lililokwisha kuwa safi. Aliniangalia akaniuliza, "Neema, umekula?" Nikasema nimekula. Akasema, "Hapana, hujakula," akainuka, akapasha moto lituma, akaketi mbele yangu mpaka nikamaliza. Ningeanzia wapi? Kuna watu wangeweza. Mimi nilitafuna.

Jumapili familia ilikaa uani, viti vya kuazima, wanaume upande mmoja, na ile mashine katikati kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuisogeza. Hakuna aliyeigusa wala kuiegemea. Prof alisimama nami. Papa Gaspard alipoelewa kwamba mimi ndiye ninayetaka kusema, alicheka kwa pua.

"Mutoto ya Nyabiondo. Umekula sombe ya dada yangu ukashiba, leo unatutolea hesabu?"

"Papa Gaspard, naomba tu uangalie," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, watu wa nyuma wakaulizana nimesema nini. Sikuleta karatasi ya simenti. Nilileta bomba la kalamu. Nikazungusha, nikavuta, nati ikalia. Nikawaambia kwamba mimi, Solange na Héri ndio tuliokuwa uzi unaovutwa. Mzee mmoja akasema ni mchezo wa mazingaombwe. Papa Gaspard akaninyang'anya bomba, akachungulia ndani kama anatafuta kitu kilichofichwa, akapuliza, akazungusha mwenyewe. Alivuta kwa hasira. Nati ikaruka kwa kasi ikamgonga sikio, kofia ikaanguka, na mtu akacheka, kisha akajuta kucheka. Papa Gaspard hakuokota kofia. Alirudia tena, polepole, akiangalia mkono wake wa kulia uliosimama. Akarudia tena. Uso wake ulibadilika. Nimeshaona watu wakipewa habari za kifo, na uso ulikuwa huo.

"Donc," alisema, "hakumusukuma."

"Hapana, Papa."

"Munasema ni kuingia. Hao batatu." Aligeuka akatuangalia mmoja mmoja. Alikuwa mtu wa akili, na sasa akili yake ilikuwa inafanya kazi vizuri. "Na juu ya nini muliingia wote mara moja? Mulipatana?"

Solange aliangalia chini. Héri alimwangalia Solange. Prof Mupenda alikohoa bila kikohozi. Nusu ya watu waliokaa pale walikuwa wameisikia sauti ile Jumamosi, mtaa mzima ulikuwa umeisikia, na niliona jinsi mmoja baada ya mwingine walivyoanza kukumbuka, na kila aliyekumbuka alikaa wima, na hakuna aliyegeuza kichwa upande wa wanawake. Nilifungua mdomo. Nataka kuandika kwamba nilikuwa naenda kusema. Sijui.

"Ni miye," Mama Pascal alisema.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, miguu ina vitambaa. "Ni miye nilibaita. Nilisema muingie katikati. Nilisema, nikarudilia. Bale banasikiaka mbio. Yule wa kwangu anasikiaka polepole, tangu mutoto." Aliongea kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Neema, kama ningenyamaza?"

Kila mtu alikuwa ananiangalia. Nilimwambia ukweli, kwamba mashine ingepungua yenyewe, kwamba tungeshuka. Alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, zaidi ya ilivyohitajika. Kisha alitoa ufunguo kwenye fundo la kitenge, akatembea katikati ya wanaume na viti vyao, akafungua stoo.

Bahati alitoka mikono juu. Alikuwa amesikia watu wengi, akadhani ni wale wa kizuizi. Jua lilimpiga usoni, akafumba macho, akabaki hivyo, mikono juu, mpaka Mama Pascal alipoishika na kuishusha mmoja mmoja. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Pascal amefungua macho?" Mama akamwambia bado. Akamwambia na yale mengine, pale pale, mbele ya watu, bila kupunguza. Bahati akakaa chini kwenye makapi. "Mama," alisema, "hata miye, kama ningelikuwa na ile sauti yako, ningebaita vile vile." Papa Gaspard yeye alikuwa ameshaondoka bila kofia. Alikwenda mwenyewe kizuizini kuwaambia wasije, na nilisikia baadaye kwamba walimpiga makofi kwa kuwapotezea siku. Naandika hilo kwa sababu watu walikumbuka hasira yake tu.

Nilikuwepo kituoni Pascal alipofungua macho. Nilikuwa nimeleta uji, Mama yuko kando ya kitanda kama siku zote. Kwanza aliomba maji. Akanywa. Akauangalia mguu wake uliofungwa, akatuangalia, na kwa sauti iliyokwaruza akauliza, "Ni nani alisukuma?"

Nilitaka kutoka. Mama Pascal alinishika nguo nisitoke. Akamwinamia mtoto wake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizungumza chini kiasi kwamba wa kitanda cha pili hawakusikia. "Hakuna muntu alisukuma. Ni miye. Nilibaita baingie katikati, bakaingia, mashine ikaenda mbio, weye ukabakia. Ni sauti yangu, Pascal."

Alimwangalia mama yake kwa mshangao, kama mtu anayeambiwa jambo ambalo halihusiani kabisa na yeye.

"Nilikusikia, Mama," alisema. "Nilikuwa nakuja."